Kamba, nati na fremu ya mlango: somo la sayansi kwa vitendo

Kama una watoto wa miaka 9 mpaka 14 hivi na hujui uanzie wapi na sayansi ya vitendo, anza na pendulamu, yaani kitu kizito kinachoning'inia kwenye kamba na kubembea huku na huku, haina kemikali wala moto na vifaa vinapatikana popote. Tafuta kamba nyembamba isiyovutika, nati za chuma zinazolingana, rula na simu ya kupimia sekunde. Funga kamba juu kwenye fremu ya mlango, iwe mita 1 kutoka kwenye fundo mpaka katikati ya nati.

Kabla hamjaachia chochote uliza: tukiongeza nati itabembea haraka zaidi au polepole? Kila mtoto aandike jibu lake kwenye daftari, na we usimwambie yeyote kama kapatia, hata wakikubembeleza vipi. Kwangu mimi hii ndo sehemu muhimu kuliko zote, mtoto aliyeandika alichokisia anakuwa na hamu ya kweli ya kuona itakuwaje.

Haya, vuta nati pembeni kama sentimita 10, achia bila kusukuma, hesabu kwenda na kurudi mara 10. Sasa angalia midomo yao, wengi watasema "moja" palepale wanapoachia, yaani kitu hakijabembea hata mara moja, mwisho wa siku wamepima mara 9 wakidhani ni 10. Wazoeshe kuanza na "sifuri". Na tunapima 10 badala ya 1 kwa sababu kidole huwa kinachelewa kubonyeza, ukigawanya kwa 10 kosa linapungua sana.

Watapata kama sekunde 20. Weka nati 3, zote zikae palepale, zisining'inie moja chini ya nyingine maana hapo utakuwa umerefusha pendulamu bila kujua. Sekunde 20 tena! Hapo watabishana, waache wabishane, kisha warudie wenyewe.

Halafu rudisha nati 1, fupisha kamba mpaka sentimita 25. Wengi watapiga hesabu ya kugawanya kwa 4 waseme sekunde 5, kumbe inatoka kama 10, urefu umekuwa robo lakini muda nusu tu. Wadogo wakishaona kamba fupi inaenda haraka inatosha, wakubwa wapime urefu mwingine 4 au 5 wachore grafu, wataona mstari unapinda. Waambie pia Galileo, mwanasayansi wa Italia, alihangaika na swali hilihili miaka ya mwanzo ya 1600, na mwaka 1656 mwanasayansi Mholanzi Christiaan Huygens akabuni saa inayoendeshwa na pendulamu.

Mwisho wape kazi: tengenezeni pendulamu ya kubembea mara 10 kwa sekunde 15. Jibu ni kama sentimita 56, ila baki nalo mwenyewe mpaka waje na kamba yao.