Umeandikiwa nitrofurantoini ya UTI? Meza hivi

Umepima mkojo, daktari kasema UTI ya kibofu, kakuandikia nitrofurantoini. Sasa kabla hujaondoka dirishani pale famasi soma miligramu kwenye boksi, maana hii dawa ipo ya aina mbili na watu wanazichanganya kweli. Ile inayoyeyuka taratibu ya mg 100 mtu mzima anameza moja mara mbili, kwenye bahasha utaona 1x2, ina maana kila masaa 12 na sio asubuhi na mchana halafu umemaliza. Ile ya kawaida ya mg 50 ni 1x4, kila masaa 6. Mwanamke asiye na mimba mara nyingi ni siku 5, mwanaume na mjamzito mara nyingi 7, ila fuata alichoandika daktari wako.

Kama unatoka Mbagala alfajiri kuwahi mwendokasi, basi meza saa 11 alfajiri na saa 11 jioni, weka alamu, na usimeze tumbo tupu jamani, hata chai na chapati inatosha, inapunguza kichefuchefu na dawa inaingia vizuri zaidi. Vile vidonge vya magnesiamu vya kiungulia viache kwanza, vinaipunguza nguvu. Ukisahau meza ukikumbuka, ila kama muda wa nyingine umekaribia ruka tu, usimeze mbili pamoja. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea au kahawia usipanike, ni dawa hiyo.

Na ile tabia ya "nipe vya buku mbili" kisha maumivu yakiisha siku ya pili unaacha, hapana, nunua dozi nzima.

Mwenye figo mbovu, mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu) au mjamzito wa wiki 38 na kuendelea, mwambie daktari mapema, haikufai. Ukiwa na homa, kutetemeka, kutapika au maumivu ya ubavuni nenda hospitali, hayo yanaweza kuwa ya figo na hii dawa inafanya kazi kwenye mkojo tu, kwenye figo haifiki ya kutosha. Kifua kikibana au miguu ikifa ganzi acha dawa na uende haraka.

Masaa 48 yakipita hujaona nafuu usikimbilie sipro (antibiotiki nyingine) ya jirani, rudi ukaombe mkojo uoteshwe maabara, majibu huchukua siku mbili tatu hivi ila utajua dawa gani inaua huyo mdudu wako.