Kabla nyasi hazijashika moto: maandalizi ya kupata msaada nyumba ikiungua, Lindi na Mtwara

Mvua za kusini hukoma kati ya Aprili na Mei, na tangu hapo hadi Novemba nyasi za Liwale, Nachingwea, Masasi na Nanyumbu huzidi kukauka. Katika miezi hiyo watu husafisha mashamba kwa kuchoma, wawindaji wa panya huwasha nyika, na upepo hubeba cheche hadi kwenye paa la mtu ambaye hakuwasha chochote. Kufyeka kinga moto kuzunguka nyumba, na kuomba ruhusa kwa uongozi wa kijiji kabla ya kuchoma shamba, ni mambo yanayosemwa kila mwaka na yanastahili kusemwa. Lisilosemwa sana ni kwamba wepesi wa kupata msaada baada ya nyumba kuungua hutegemea mno yale ambayo kaya iliyafanya wakati paa lingali zima.

Msaada rasmi huanza na orodha. Mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji huandika nani ameunguliwa, ana watu wangapi na amepoteza nini. Taarifa hiyo hupanda kwa mtendaji wa kata, kisha halmashauri na kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya, kwa mpangilio uliowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022. Aliyekosekana kwenye karatasi ya kwanza hupata taabu kuingizwa kwenye zinazofuata. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuzingatia ni kuhakikisha kwamba kaya yako imo katika rejesta ya wakazi ya kitongoji unachoishi kweli, hasa ikiwa umehamia shambani kwa msimu na nyumba yako ya kijijini imebaki na bibi na wajukuu. Mwenye wake wawili katika nyumba mbili ahakikishe kila nyumba inahesabiwa kuwa kaya yake, kwa sababu mgao wa unga na mablanketi hufuata kaya, na mke aliyeandikwa chini ya jina la mume anayelala kwingine anaweza kurudi mikono mitupu. Namba ya nyumba iliyotolewa katika zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022 iandikwe pia mahali pengine, maana kibao nacho huungua.

Jambo la pili ni nyaraka, na hapa inafaa kuwa mkali kidogo. Wengi wetu huweka vyeti kwenye mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda, tukaamini tumehifadhi. Nimeshika kadi ya kliniki ya mtoto iliyotolewa kwenye jivu ikiwa imegandana na nailoni iliyoyeyuka. Ukiivuta, maandishi yanatoka na plastiki. Kopo la bati halisaidii sana, kwani karatasi zilizomo huungua kwa joto hata moto usipoingia. Kinga ya kweli ni nakala iliyoko nyumba nyingine, mbali kiasi kwamba moto mmoja hauwezi kufika kote kuwili: kwa mjomba mjini Masasi, kwa binti aliyeolewa Mtama, au kwa mwalimu unayemwamini. Piga na picha kwa simu, uzitume kwa mtu huyohuyo, kwa kuwa simu iliyobaki ndani ya nyumba huondoka pamoja na picha zake.

Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, yaani mwaka, mwezi na siku. Hivyo zinazobaki kukaririwa ni 12 tu. Inafaa kuzikariri, au walau kumpa mtoto anayesoma aziandike kwenye daftari linalokaa shuleni. Kwa namba hiyo na alama ya kidole unaweza kurudishiwa laini ya simu, na laini ikirudi, pesa zilizokuwa ndani yake zinapatikana, na ndugu walioko Dar es Salaam wanajua pa kutuma mchango. Baada ya hapo hufuata taarifa ya upotevu kutoka polisi na barua ya utambulisho ya mtendaji, ambazo hufungua milango mingine: NIDA kwa kitambulisho, RITA kwa cheti cha kuzaliwa, benki kwa kadi. Hati ya hakimiliki ya kimila ikiungua, haki yako haiungui nayo, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kijiji kiwe na rejesta yake. Nenda sasa ukaone kama jina lako na mipaka yako imeandikwa sawasawa. Kadi ya kliniki huandikwa upya kutokana na kitabu cha zahanati. Vyeti vya shule ndivyo vyenye mlolongo mrefu, basi hivyo viwe vya kwanza kupelekwa nakala.

Mikoa hii ina hatari yake ya pekee, nayo ni salfa. Mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho hutolewa kwenye chama cha msingi cha ushirika, ikafika nyumbani na kupangwa chumbani kwa kuogopa wezi, wakati mwingine kichwani pa kitanda cha watoto. Salfa hushika moto kwa urahisi, na moshi wake hubana kifua kiasi cha kumzuia mtu kuingia kuokoa chochote. Ijengewe kibanda chake chenye kufuli. Korosho nazo zina mafuta makali kwenye ganda, na zikiwaka ndani hazizimwi kwa ndoo mbili za maji, ambayo huko Newala na Tandahimba hayachezewi. Zaidi ya hayo, korosho iliyopimwa ghalani ina stakabadhi na jina lako kwenye vitabu vya chama, ilhali iliyoungua nyumbani haina ushahidi. Peleka mapema, hata kama ni gunia moja.

Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ifahamike na kila mtu nyumbani, ingawa gari litakalotoka mjini kuja kijijini huenda likakuta mabua yanafuka. Hata hivyo taarifa yenyewe hubaki kuwa kumbukumbu rasmi ya tukio. Aliyeungua apozwe kwa maji safi ya kawaida kwa takriban dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta, kisha apelekwe zahanati.

Ni vyema pia kujua mapema mlango wa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ofisi ya Chama cha Msalaba Mwekundu iliyo karibu, na nani msikitini au parokiani hushika michango. Lakini msaada wa maafa si fidia. Utapata chakula, blanketi, pengine turubai. Nyumba utaijenga mwenyewe na jamaa zako.

Hapo ndipo watu hukwama, kwa kuwa moto uliochukua nyumba mwezi Septemba mara nyingi umekwisha kuchukua na nyasi za kuezekea pande zote, na nyingine hazipatikani hadi mvua zipite. Kata nyasi Juni, ufunge mizigo ya kutosha paa moja, uihifadhi kwenye uwanja uliofagiliwa, mbali na nyumba yako na mbali na shamba la jirani, ili siku ya kuulizwa unahitaji nini, uombe nguzo na misumari tu.