Kuweka kadi ya grafiki kwenye kompyuta ya dukani bila kuharibu waranti

Mwongozo huu ni wa mwenye kompyuta ya mezani iliyotoka dukani ikiwa mpya, tuseme Dell OptiPlex, HP ProDesk au Lenovo ThinkCentre, ambayo waranti yake bado inatembea na DaVinci Resolve (programu ya kuhariri video) imeshaanza kumgomea. Hapa Dar wanaoniletea kazi hii ni wahariri wa video za harusi na wachora ramani za nyumba. Mashine zao ni nzima, zina prosesa nzuri ya i5 na RAM ya kutosha, ila grafiki ni ile ya Intel iliyomo ndani ya prosesa.

Ninavyofanya mimi, kadi inaingia kwenye sloti ya PCI Express (tundu refu la kadi kwenye madabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta) na kila kitu kingine kinabaki kama kilivyotoka kiwandani. Ukishagusa pawasaplai (kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) kwenye mashine yenye waranti, umefungua ubishi ambao hutaushinda kirahisi.

Hatua ya 1: Jua waranti ni ya nani

Kuna waranti ya mtengenezaji na kuna waranti ya duka, na watu huzichanganya. Ya mtengenezaji inafuata namba ya mashine. Kwenye Dell ni ile Service Tag ya herufi na tarakimu saba. Kwenye HP na Lenovo tafuta serial namba kwenye stika ya nyuma au ya ubavuni. Iingize kwenye tovuti ya kampuni utaona waranti inaisha lini, na ni vizuri uangalie imesajiliwa nchi gani, maana mashine nyingi mjini zimepitia Dubai. Ya duka ni ile karatasi uliyopewa pamoja na risiti ya EFD. Isome. Ikiwa imeandikwa kwamba kufungua kasha kunafuta waranti, ndiyo masharti uliyonunulia.

Mtu atakutumia video ya Mmarekani anayesema zile stika za kuziba kasha, zinazoonyesha kama limefunguliwa, hazina nguvu. Kwao ni kweli: wana sheria ya waranti ya mwaka 1975, na Aprili 2018 tume yao ya biashara iliziandikia kampuni sita barua za onyo kuhusu masharti ya namna hiyo. Ukiwa kaunta ya duka la Kariakoo sheria hiyo haikusaidii kitu.

Kinachosaidia ni ujumbe. Watumie duka WhatsApp kabla hujashika bisibisi:

"Habari za kazi. Nina kompyuta niliyonunua kwenu, picha ya risiti na namba ya mashine hizi hapa. Nataka kuongeza kadi ya grafiki ya wati 70 kwenye sloti ya PCI Express, haichukui waya wowote wa pawasaplai. Je, waranti ya mashine itaendelea? Kama kuna stika, mtaniruhusu niifungue au mtaifungua nyinyi? Naomba jibu kwa maandishi."

Maduka mengi yatakujibu uilete wafungue wao, kwa ada au bure. Kubali, hata kama wewe ni fundi. Wakikataa kabisa na muda uliobaki ni mfupi, subiri uishe. Ile michezo ya kupasha stika kwa draya ya nywele na kuirudisha naijua, na mafundi wa maduka wanaijua kuliko mimi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umeme

Hapa ndipo pesa za watu zinapotea. Fungua kava, au soma jina kamili la modeli kwenye tovuti, upate wati za pawasaplai. Mashine hizi za ofisini huja na pawasaplai ndogo: 180, 240, 260, wakati mwingine 300 na kidogo. Nyingi pia zina plagi za kipekee za kampuni husika, kwa hiyo ile pawasaplai ya kawaida ya dukani haiingii kwenye madabodi bila adapta.

Chukua mfano wa prosesa ya i5-12400. Kwenye boksi imeandikwa wati 65, ila hicho ni kiwango cha msingi. Ikikaza inaweza kupanda hadi 117. Weka takribani 40 za madabodi, RAM, diski na feni. Ongeza kadi ya wati 70. Jumla ni 227. Kwenye pawasaplai ya 260 inapita, ingawa bila nafasi ya kujidai. Kwenye ya 180 haipiti, na mashine itakuwa inajizima katikati ya kurenda video (kuitoa ikiwa faili lililokamilika), kisha utalaumu kadi.

Sloti ya PCI Express yenyewe hutoa hadi wati 75. Kadi inayotosheka na hizo haina tundu la waya juu yake, na ndiyo tunayoitaka.

Hatua ya 3: Chagua kadi

RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, inakula wati 70 na aina zake nyingi hazina tundu la waya. Sikiliza vizuri hiyo GB 6. Kuna RTX 3050 nyingine ya GB 8 inayokula wati 130 na kuhitaji waya, na muuzaji atakuambia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Mwambie akuonyeshe mgongo wa kadi, uone kama kuna tundu la waya.

GTX 1650 ni ya zamani kidogo lakini bado inafanya kazi, nayo ina matoleo mawili: lisilo na tundu na lenye tundu la pini 6. RX 6400 inakula wati 53 tu, kwa hiyo inavutia kwa pawasaplai ndogo, lakini haina kifaa cha kusimba video na inatumia njia nne tu za PCI Express, hivyo kwenye mashine za kizazi cha zamani inapungua kasi. Kwa mhariri wa video siishauri. Intel Arc A380 nayo ni nzuri kwa video, ila inataka madabodi yenye Resizable BAR (uwezo wa kumruhusu prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mara moja), na mashine nyingi za ofisini za miaka ya nyuma hazina.

Pima na umbo. Kama kasha ni lile jembamba, unahitaji kadi fupi kwa kimo, yenye bati fupi la nyuma. Chukua rula upime kutoka bati la nyuma mpaka kizuizi cha kwanza mbele. Angalia pia kadi nene haitafunika matundu ya SATA, yale ya nyaya za diski.

Na monita yako? Kama bado unatumia ile ya VGA, kadi hizi hazina tundu hilo. Nunua adapta ya kugeuza HDMI kuwa VGA siku hiyohiyo, usirudi mjini mara mbili.

Ukinunua kadi iliyotumika, iwashe palepale dukani na ufungue programu ya GPU-Z, inayosoma taarifa za kadi. Zipo kadi zenye chipu ya zamani zilizobandikwa jina jipya, na tangu 2018 programu hiyo inaweza kuzitambua nyingi na kuandika FAKE kwenye jina.

Hatua ya 4: Andaa Windows kwanza

Hatua hii watu wanairuka. Windows 11 mara nyingi huwa imefunga diski kwa BitLocker (kufuli la siri la Windows) bila mwenyewe kujua. Ukibadilisha kifaa au ukagusa BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine), mashine inaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft uupate, uuandike kwenye karatasi, kisha uisimamishe BitLocker kwa muda. Pakua na draiva (programu inayoiwezesha Windows kuitumia kadi) ya kadi mpya uiweke kwenye diski.

Kama ulikuwa na grafiki ya Intel tu, usiondoe draiva yake. Kama unatoa kadi ya AMD na kuweka ya NVIDIA, kata intaneti, ingia Safe Mode (Windows ikiwashwa na vitu vya msingi tu), safisha draiva ya zamani kwa programu ya DDU.

Hatua ya 5: Ifunge

Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Piga picha ya ndani kabla hujagusa kitu. Shika bati la kasha kwa mkono ili umeme tuli ukutoke.

Laza kasha. Toa kibati cha nyuma kinacholingana na sloti ndefu ya x16. Kwenye Dell na HP kuna kilatchi cha plastiki kinachofunguka bila skrubu. Shika kadi kingoni, usiguse meno ya dhahabu. Ilenge sloti na uikandamize kwa vidole viwili, mwanzo na mwisho, mpaka usikie kilatchi cha sloti kimelia. Itazame kwa ubavu: meno yote yawe yamezama sawasawa, upande wa ndani usiwe umeinuka. Ukiwa umeinuka hata kidogo, skrubu ya nyuma itaivuta zaidi. Funga bati, rudisha kava.

Waya wa monita chomeka kwenye kadi, siyo kwenye madabodi. Simu nyingi za "fundi, skrini nyeusi" zinaishia hapo.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kumkabidhi mteja

Ikiwaka, weka draiva, washa upya. Task Manager iionyeshe kadi kwa jina. Kwenye Resolve, mapendeleo ya Memory and GPU, hakikisha kadi mpya ndiyo imechaguliwa. Kisha endesha FurMark (programu ya kuichosha kadi kwa makusudi) dakika kumi na tano huku ukitazama joto kwenye GPU-Z. Likitulia chini ya nyuzi 80 hivi, sawa. Likizidi kupanda, kasha halipumui, tafuta vumbi mbele ya feni. Baada ya hapo renda video halisi ya mteja, ndefu, maana FurMark haiichoshi prosesa.

Ikikaa nyeusi kabisa huku monita iko kwenye kadi, toa kadi uiweke tena, kandamiza RAM, na ukiweza sasisha BIOS kutoka tovuti ya mtengenezaji ukitumia grafiki ya zamani. Fanya hivyo mashine ikiwa kwenye UPS. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS, utakuwa na madai ya waranti usiyoyataka.

Hatua ya 7: Siku mashine itakapoharibika

Kibati ulichotoa na skrubu zake viweke kwenye bahasha pamoja na risiti zote mbili, ya mashine na ya kadi. Kitu kikigoma kabla waranti haijaisha, toa kadi, rudisha kibati, chomeka monita kwenye madabodi, ujaribu tena. Tatizo likipotea, ni la kadi. Rudi kwa aliyekuuzia kadi. Likibaki, ni la mashine. Ipeleke ikiwa bila kadi, uwaambie wazi kwamba ulikuwa umeiweka, na uwafungulie ule ujumbe wao wa WhatsApp.