Namna ya Kusoma Orodha ya Kozi Mpya na Zilizorekebishwa Kabla ya Kujisajili

Idara za sanaa katika vyuo vikuu vya Uganda zinapomaliza kupitia upya mitaala yao, hubandika kwenye mbao za matangazo orodha ya kozi mpya, kozi zilizorekebishwa na kozi zilizofutwa, na mara nyingi orodha hiyo hutoka usajili ukiwa umekaribia. Wanafunzi wengi huangalia jina la kozi na jina la mhadhiri, kisha huchagua. Kwa maoni yangu, jina ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote yaliyoandikwa pale, kwa kuwa yanayoamua kama utahitimu kwa wakati yamo katika safu za tarakimu zinazofuata jina hilo.

Anza kwa kutambua kama kilicho kipya ni programu nzima, yaani shahada yenyewe, au ni kozi moja ya muhula ndani ya programu iliyokuwapo. Kozi moja hupita katika idara, bodi ya kitivo na Seneti ya chuo. Programu nzima haiishii hapo, kwa sababu inahitaji ithibati, yaani kibali rasmi cha kufundishwa, ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, chombo kilichoundwa kwa sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 2001, na ithibati hiyo ina muda wake. Mwaka 2023 ulizuka mjadala mkubwa nchini kuhusu programu ambazo muda huo ulikuwa umepita bila kupitiwa upya, na wahitimu wengi wakaingiwa na hofu juu ya vyeti vyao. Kwa hiyo, kabla ya kulipa ada ya programu mpya, itafute katika orodha ya Baraza, na usiridhike na jibu la ofisini kwamba maombi yanashughulikiwa.

Ukishajua hilo, soma msimbo, yaani namba inayoitambulisha kozi. Katika vyuo vingi vya Uganda tarakimu ya kwanza huonyesha mwaka wa masomo na ya pili huonyesha muhula, hivyo kozi yenye namba 2103 ni ya mwaka wa pili, muhula wa kwanza. Kisha tazama krediti pamoja na saa. Krediti moja ni saa 15 za mafundisho katika muhula wenye wiki 15 za kufundisha na wiki 2 za mitihani, na saa 2 za semina au mazoezi huhesabiwa kuwa saa 1. Kozi ya krediti 3 inayofundishwa kwa mihadhara pekee itakuchukulia saa 3 kwa wiki, ilhali nyingine ya krediti 3 hizo hizo, yenye saa 30 za mihadhara na 30 za mazoezi, itakuweka darasani saa 4 kwa wiki. Anayechagua kozi tatu za namna hii ya pili kwa kudhani kwamba mzigo ni uleule ameongeza saa 3 kila wiki bila kuongeza krediti hata moja. Hapo sijataja usomaji wa maktabani.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni ile ya kozi zilizofutwa au kuunganishwa, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kwa kawaida aliyeanza na mtaala wa zamani humalizia nao, na mtaala mpya huwahusu wanaoingia mwaka wa kwanza. Wanaobaki katikati ni wale walioahirisha masomo kwa mwaka mmoja na wale wanaopaswa kurudia kozi ambayo haifundishwi tena. Tuseme ulishindwa kozi ya historia ya krediti 4, nayo sasa imeunganishwa na nyingine kuwa kozi moja ya krediti 3. Ukiifaulu hiyo mpya, bado unapungukiwa na krediti moja, na huenda upungufu huo usionekane hadi majina ya wahitimu yanapohakikiwa. Mwombe mkuu wa idara akuandikie barua inayotaja msimbo wa kozi ya zamani, msimbo wa kozi inayochukua nafasi yake, na namna krediti inayokosekana itakavyojazwa. Barua hiyo ifike kwa Msajili wa Taaluma, nawe ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Ahadi ya mdomo haifai, hata ikitoka kwa mhadhiri mwema kiasi gani, kwani wakuu wa idara hubadilishwa.

Jihadhari pia na kozi iliyobadilishwa jina huku maudhui yakibaki yaleyale. Linganisha muhtasari wa zamani na mpya, mada kwa mada, maana kozi uliyokwisha kuifaulu haitahesabiwa mara mbili.

Katika kozi za hiari, fuata kazi unayoikusudia. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, uliweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, kwa hiyo kozi za isimu, fasihi na tafsiri zina soko lililo wazi. Hata hivyo, anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari anahitaji masomo mawili ya kufundishia yaliyokamilika. Kozi mpya ya kuvutia inayokula nafasi ya somo lake la pili itamgharimu zaidi ya itakavyomfaa. Angalia vilevile kozi tangulizi, yaani zile unazopaswa kuzifaulu kwanza, na uulize kama kuna safari za utafiti, kwani nauli mara nyingi hutoka mfukoni mwa mwanafunzi.

Baada ya kujisajili, chapisha fomu yako ya usajili na uilinganishe na orodha ya idara, msimbo kwa msimbo. Kasoro ukiipata katika wiki za mwanzo, wakati kuongeza na kuondoa kozi bado kunaruhusiwa, hurekebishwa kwa fomu moja, lakini baada ya hapo utahitaji kibali cha kitivo.