Kununua pombe supamaketi Uingereza ukiwa na familia bila kukwama kaunta

Ijumaa jioni toroli limejaa: mchele, kuku, soda za watoto, na chupa mbili za mvinyo za wageni. Mama ana miaka 45, binti 22, kitinda mimba 16. Binti ndiye anayepanga vitu kwenye mkanda. Keshia anamwomba kitambulisho, hana. Mama anasema, "Nalipa mimi." Keshia anatikisa kichwa, na mvinyo unabaki dukani.

Familia nyingi huondoka hapo zikidhani zimedharauliwa. Mara nyingi sivyo. Ukijua keshia anaogopa nini, utapanga manunuzi yako vizuri kabla hujafika mbele yake.

Kwa England na Wales, Licensing Act ya 2003 inaweka umri wa kununua pombe kuwa miaka 18. Maduka makubwa karibu yote yameongeza utaratibu wa Challenge 25: yeyote anayeonekana hajafika miaka 25 aombwe kitambulisho. Umri wa kununua unabaki 18. Ile 25 ni ya kumlinda keshia na kosa la jicho, maana kumtofautisha kijana wa miaka 17 na wa 19 kwa kumtazama tu ni vigumu mno.

Na kosa hilo humwangukia keshia mwenyewe, si duka peke yake. Akimuuzia mtoto, polisi wanaweza kumpa faini ya papo hapo ya pauni 90. Kesi ikienda mahakamani, faini haina kikomo. Polisi na maofisa wa Trading Standards, idara ya halmashauri inayokagua biashara, hutuma vijana walio chini ya miaka 18 kujaribu kununua, na kwa macho vijana hao hawana tofauti na mwanao. Duka likikamatwa likiuza mara mbili ndani ya miezi mitatu, leseni yake inaweza kusimamishwa.

Kuna kosa la pili, na hili ndilo linalozikwamisha familia: mtu mzima kumnunulia pombe aliye chini ya miaka 18. Sheria haisemi kila aliye kwenye kundi awe na kitambulisho. Mzazi kuwa na mtoto wa miaka 9 kando ya toroli si tatizo. Keshia hushtuka akiona dalili kwamba pombe ni ya kijana: kijana ndiye aliyeichagua, ndiye anayeibeba, ametoa noti mfukoni akampa mkubwa wake, au ameuliza, "Ile nyingine umechukua?" Kaka wa miaka 20 akiwa na mdogo wake wa 17 ndio kundi linalokataliwa kirahisi zaidi, hata kaka akiwa na kitambulisho safi.

Kwa hiyo amueni nyumbani nani atanunua pombe. Awe mtu mmoja, mwenye umri usio na shaka au mwenye kitambulisho mfukoni. Yeye ndiye aitoe rafuni, aiweke mkandani, alipe kwa kadi yake na kuitia kwenye mfuko. Vijana wasiiguse kabisa, hata kwa nia ya kusaidia. Mkiwa vijana wakubwa pekee, wa miaka 18 hadi 25, kila mmoja aje na kitambulisho, au wasio nacho wabaki nje tangu mwanzo. Kumtoa mtu nje baada ya keshia kuuliza hakusaidii, ameshaona.

Usiseme, "Ataonja kidogo tu nyumbani, sheria inaruhusu." Ni kweli kwamba mtoto aliyezidi miaka 5 kunywa nyumbani si kosa huko England na Wales. Lakini ukilitamka kaunta, umemwambia keshia kwamba unamnunulia mtoto, na hapo hana njia ila kukataa.

Kitambulisho kiwe na picha, tarehe ya kuzaliwa, na alama ya hologramu au ile inayoonekana kwa taa ya urujuanimno. Kwa vitendo, vinavyopita bila maswali ni pasipoti, leseni ya udereva ya Uingereza na kadi ya kuthibitisha umri yenye alama ya PASS. Leseni ya kujifunzia, ile ya kijani, inatosha kabisa: huombwa mtandaoni kwa pauni 34, hata kama huna mpango wa kuendesha gari karibuni, na tarehe ya kuzaliwa iko kwenye mstari namba 3. Kwa kijana wa familia ya wahamiaji ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu pasipoti ikipotea njiani ni gharama na usumbufu mkubwa.

Mgeni aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam aje na pasipoti yake halisi. Kitambulisho cha taifa cha Kenya au Tanzania kina picha na tarehe, ila maduka mengi hayakipokei kwa kuwa keshia hajafundishwa kukikagua. Picha ya pasipoti kwenye simu hukataliwa. Na wale waliozoea kuonyesha kadi ya ukaazi ya BRP wakumbuke kwamba kadi hizo zimeondolewa na nafasi yake imechukuliwa na eVisa, rekodi ya mtandaoni ambayo haina kadi ya kuonyesha kaunta.

Kwenye mashine ya kujilipia, skani pombe mwanzoni. Taa itawaka na mhudumu ataitwa. Mashine nyingi hukuruhusu kuendelea na vitu vingine wakati unamsubiri. Kisu cha jikoni nacho huiita taa hiyohiyo, kwa kuwa visu haviuzwi kwa walio chini ya miaka 18. Bia ya 0.0 kisheria si pombe, lakini maduka mengi huiwekea swali la umri. Ukiona keshia kijana anamwita mkubwa wake kabla ya kupitisha chupa, usichukulie vibaya: keshia wa miaka 16 au 17 hawezi kuuza pombe bila idhini.

Ukiagiza mtandaoni, atakayepokea mlangoni ndiye atakayeulizwa. Usimwachie mtoto wa miaka 17 kazi hiyo ukiwa kazini. Dereva atarudi na chupa.

Ukikataliwa, omba chupa zitolewe kwenye hesabu, lipia vingine, uondoke. Usimtume shangazi ajaribu kaunta ya pili. Wahudumu huarifiana, mauzo yaliyokataliwa huandikwa, na jaribio la pili huonekana kama hila. Chupa kuwa rafuni hakulilazimishi duka kukuuzia. Ukiamini umebaguliwa, andika saa, namba ya kaunta na maneno yaliyosemwa, kisha uyapeleke kwa meneja au huduma kwa wateja. Keshia aliye mbele yako hawezi kubadilisha uamuzi huku foleni inamtazama.

Uskoti ina sheria zake. Huko Challenge 25 ni sharti la kisheria tangu Oktoba 2011, si hiari ya duka, na supamaketi huuza pombe kati ya saa 4 asubuhi na saa 4 usiku tu. Ukifika kaunta saa 4 na dakika 2 usiku, hata pasipoti haitakusaidia.