Jinsi ya kujua kama sarafu ni za asili kwenye seti yake: seti za kiwandani za Marekani

Sarafu inaweza kuwa halisi kabisa, imepigwa Denver, kimoja cha viwanda vya sarafu vya Marekani, mwaka uleule ulioandikwa kwenye bahasha, na bado ikawa mgeni ndani ya seti. Watu huchomoa ile safi iliyo na bei, wakajaza pengo kwa ya kawaida, kisha seti inauzwa kama “haijaguswa”. Juzi nimemsaidia jamaa kukagua seti kadhaa kabla hajalipa, na maswali yake ndiyo yamezaa mwongozo huu. Nazungumzia seti za sarafu zisizotumika, yaani ambazo hazijapita mikononi mwa watu, zilizoanza kuuzwa na serikali ya Marekani kwa mwaka 1947. Seti za prufu, zenye sarafu zilizopigwa kwa ung'avu wa pekee kwa wakusanyaji, zina mambo yake, siziingilii.

Hatua ya 1: Jua kilichotakiwa kuwemo

Tafuta orodha ya mwaka husika, uhesabu. Seti ya 1970 ina sarafu 10 zenye thamani ya dola 1.33 kwa jumla. Nusu dola ni moja tu, ya Denver, na kwa kuwa haikutolewa kwa matumizi ya kawaida, ndiyo ya kwanza kuchomolewa. Senti 5 ya kiwanda cha Philadelphia usiitafute, mwaka huo haikupigwa. Seti ya 1973 iwe na sarafu mbili za dola moja zenye sura ya Rais Eisenhower, P (Philadelphia) na D (Denver). Ya 1996 iwe na senti 10 ya ziada yenye herufi W, ya kiwanda cha West Point. Mwaka 1950, 1982 na 1983 seti hizi hazikuuzwa kabisa. Ukionyeshwa ya 1982, ni ya ukumbusho au mtu ameikusanya mwenyewe.

Hatua ya 2: Vifaa

Lenzi inayokuza mara tano na taa moja ya mezani iliyowekwa ubavuni. Basi. Lenzi ya mara kumi inakuonyesha eneo dogo mno, na taa za duara za kupigia picha zinafuta vivuli ambavyo ndivyo unavyovitafuta. Mizani iache kwenye droo: huwezi kupima sarafu iliyofungwa bila kuharibu ushahidi.

Hatua ya 3: Soma mshono

Hapa ndipo muda unapokwenda, kwa hiyo usikimbie.

Kuanzia seti za 1959 sarafu zilifungwa kwenye plastiki laini, kila moja na chumba chake, kingo zikibanwa kwa joto. Laza taa karibu na usawa wa meza, uzungushe pakiti taratibu. Mbano wa kiwandani una michoro ya aina moja, upana uleule, kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho. Mbano wa mkono hujitokeza kwa njia tatu: mstari wa pili unaopita juu ya wa kwanza, sehemu iliyoyeyuka na kung'aa kama kioo, au ukingo mwembamba kuliko wenzake kwa sababu plastiki ilikatwa kabla ya kuunganishwa upya.

Halafu geuza pakiti. Mjanja hagusi mshono. Anapasua kwa wembe pembeni mwa chumba, upande wa nyuma, anatelezesha sarafu nje na kuingiza nyingine. Mpasuko huo uso kwa uso hauuoni. Kunja plastiki kidogo, kidogo sana, utaona mdomo wake ukifunguka.

Sasa tahadhari. Mikunjo peke yake si ushahidi, plastiki ya zamani hujikunja yenyewe. Ukungu nao ni wa kawaida, ila ukiwa kwenye vyumba vyote isipokuwa kimoja, kitazame hicho kimoja. Ukingo wa nje uliopunguzwa kwa mkasi unaweza kuwa kazi ya mwenyewe aliyetaka pakiti iingie kwenye albamu; angalia kama mbano wa ndani uko salama. Bahasha usiiamini hata kidogo, inahamishika kwa sekunde. Ukibaki na shaka, nunua seti ya mwaka huohuo isiyo na sarafu ya bei, uilaze kando, ulinganishe mbano kwa mbano. Hakuna picha ya mtandaoni inayofikia hilo.

Seti maalumu za 1966 na 1967, zilizouzwa badala ya hizi, zimo kwenye plastiki ngumu inayofunguka, kwa hiyo hatua hii haikusaidii. Huko unabaki na uso wa sarafu tu.

Hatua ya 4: Uso wa sarafu, 2005 hadi 2010

Rahisi. Miaka hiyo sarafu za seti zilipewa uso wa satini: ukiinamisha, nuru inatulia sawasawa kila mahali. Ya kawaida hutoa miale inayozunguka. Ukiona miale kwenye seti ya 2006, hiyo imetoka kwingine.

Hatua ya 5: Seti za kadibodi, 1947 hadi 1958

Hizi hazikuzibwa. Salfa ya kadibodi hubadilisha rangi ya fedha na shaba, hivyo sarafu zilizokaa kadi moja miaka yote hiyo huwa na rangi za ukoo mmoja. Moja nyeupe pee katikati ya wenzake wenye dhahabu na buluu imesafishwa au imeletwa. Lakini zote zikilingana bado hujathibitisha, maana rangi nayo hupikwa. Seti za kipindi hiki mimi nazilipia bei ya sarafu mojamoja, na muuzaji akisisitiza nyongeza ya “asili”, namrudishia kadi yake.