Jinsi ya kuandika tafakuri ya habari ya gazetini (mfano wangu ni mafuriko ya Rufiji)

Wadogo zangu wa kidato cha tano na cha sita wananiuliza sana hii kazi inaandikwaje, maana mwalimu anasema someni magazeti wiki nzima alafu mlete mawazo yenu, basi, haelekezi zaidi ya hapo. Mi ya kwanza nilirudishiwa ina wino mwekundu: "hii ni habari, wewe uko wapi?" Iliniuma kwakweli ila ndo swali lenyewe, lishike.

Chagua habari moja. Usibebe siasa, mpira na bei ya mafuta kwa pamoja utaishia kugusagusa tu. Na usichague kwa ukubwa wa kichwa cha habari, wengi tunasimama asubuhi kwenye meza ya muuza magazeti tunasoma vichwa tunaondoka tukijua tumesoma gazeti, wakati kichwa kimewekwa pale ili ununue. Chukua ile ambayo ukimaliza kuisoma bado inakusumbua.

Yangu ilikua mafuriko ya Rufiji na Kibiti, wilaya za mkoa wa Pwani, Tanzania, Aprili 2024. Tarehe 25 mwezi ule Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua zimeua watu 155 na walioathirika ni zaidi ya 200,000. Sasa hapa kuwa makini sana, namba ukiikuta gazetini iulize: nani kaisema, ni ya wapi, ni ya kuanzia lini? Ile 155 ilikua ya nchi nzima tangu mvua zianze, sio ya Rufiji peke yake, na darasani kwetu kuna walioandika watu 155 wamekufa Rufiji. Mtu aliyezika ndugu yake kule akisoma hivyo anaona kabisa hukujali.

Alafu tafuta magazeti mawili ya siku moja, maktaba yapo huna haja ya kununua. Mfano HabariLeo ambalo ni la serikali na Mwananchi ambalo ni la kampuni binafsi, soma habari ileile kote kote ukiwa na penseli, piga mstari kila jina la aliyepewa nafasi ya kuongea. Utashangaa, unakuta mkuu wa wilaya kaongea, mbunge kaongea, waziri kaongea, na mwenye shamba lililozama yupo kwenye picha tu hana hata sentensi moja. Hilo tu linatosha kuandikia ukurasa mzima.

Kipindi kile ubishi mkubwa ulikua Bwawa la Julius Nyerere, lile la umeme la megawati 2,115 kwenye mto Rufiji, wengine wanasema kufunguliwa kwa maji ndo kumewazamisha watu wa chini, serikali inakataa inasema ni mvua za El Nino. Kama hujui usijifanye hakimu, andika kila upande unasema nini, alafu andika ungeonyeshwa kitu gani ndo ungeamini. Mi niliandika ningetaka kuona maji yaliyoingia bwawani na yaliyotoka siku kwa siku.

Wewe mwenyewe unaingia hapa sasa. Nilimpigia mama mdogo, anaishi Muhoro, hukohuko Rufiji. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaniambia mafuriko wao wanayajua toka enzi za bibi zao, maji yakishuka wanapanda mahindi kwenye udongo ule mbichi, kilimo hicho wanakiita mlau, kilichomtisha safari hii ni maji kupanda mpaka pasipofikaga na kukaa hayaondoki. Kwenye magazeti niliyosoma mimi neno mlau sikuliona hata mara moja. Kwa iyo tafakuri yangu yote ikawa hapo, kwamba tunasoma mafuriko kama adui tu wakati kwa watu wa bonde maji hayohayo ndo chakula, tatizo ni yakija nje ya kipimo chao.

Kwenye kuandika tukio lenyewe lisizidi sentensi tatu, zinazobaki ni swali lako na sababu zako. Weka jina la gazeti, tarehe na ukurasa. Tahariri isome ukishamaliza kuandika, ukianza nayo utajikuta unaongea maneno yake.

Na acha nusu ukurasa wazi. Habari inaondokaga gazetini kabla haijaisha kwa watu, mi ile nusu niliijaza mwezi wa nane, mama mdogo aliponipigia kusema mahindi ya mlau yameshafika magotini.